Bawaba

Mimi ndiye niliyeshika maiki
miaka ishirini na miwili, mkono juu
kama mtoto anayejua jibu na mwalimu hamwoni.
Skolastika Mchopa alikuwa na kamera, mimi nina masikio.
Basi msiniulize milango ilikuwa ya rangi gani.
Niulizeni ililiaje.

Gereza, Lindi: ulikohoa.
Vyuma vitatu, kimoja baada ya kingine,
cha tatu kikichelewa kidogo kama mtu anayetafuta chenji.
Kibali kilitugharimu miezi kumi na minne
na Mkuu akasema, pigeni picha bustani.
Tukapiga bustani. Mchicha, wiki nzima mchicha,
hata askari wakatuzoea, wakatusahau,
na mfungwa mmoja akainua kichwa kutoka kwenye tuta,
akataja jina la mwanawe, akainama tena.
Filamu nzima ni hiyo. Jina na jembe.

Bweni la wasichana, Newala, msimu wa kupulizia korosho,
salfa ikitanda mpaka kwenye lenzi.
Komeo lilikuwa nje.
Mlango ule haukulia hata kidogo; ulipakwa mafuta,
na tangu siku ile naogopa milango isiyolia.
Skola alilala humo siku sita
kwa idhini ya matroni aliyechoka kubeba ufunguo.
Alipotoka hakusema neno hadi Kitangari.

Mwaka uliofuata komeo likahamia ndani.
Wageni wakimuuliza, kule Dar, kwenye kumbi za viyoyozi,
kama filamu hubadilisha jamii,
hujibu: nimeyaona mabadiliko mara moja,
yalikuwa na skrubu nne.

Mlango wa unyago hakuugusa.
Wafadhili waliutaka, barua mbili, hundi moja.
"Huo niliuingia nina miaka kumi na moja," alisema,
"na niliyoambiwa nisiseme, sikuambiwa na mjinga."
Kisha akanituma nikanunue ming'oko.
Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au hofu.
Nilirekodi ukimya wake; nao ninao, dakika mbili na nusu.

Sasa Namikunda.
Kambi ya wakoma, nyumba kumi na tisa,
ukuta ulioanguka wenyewe bila mtu kuutoroka.
Dawa ilishafika zamani, ugonjwa ulishaondoka,
watu walibaki. Tukawaonyesha taifa.
Taifa likaona aibu, na aibu ina kasi:
lori likaja, bati ishirini kila mmoja, nauli,
rudini makwenu.
Tulipiga picha kufuli la mwisho. Tulipata tuzo,
kioo kizito, Skola anazuilia nacho mlango wa jikoni.

Miaka sita baadaye, Masasi, nyuma ya stendi,
mtu akaishika suruali yangu kwa mkono usio na vidole.
Ausi Namalowe, nyumba ya saba. Macho yamekwisha.
Kwao walimpokea kwa sahani yake peke yake,
kikombe chake peke yake, kigoda chake kando.
Hakutulaumu. Laiti angetulaumu.
Alitaka kitu kimoja tu: ile filamu,
pale mlango wa nyumba ya saba unapofunguka.

Skola aliifunga kamera kwenye begi, akavuta zipu.
Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa yangu.
Nikamvisha spika za masikioni, nikatafuta faili.
Bawaba ya Namikunda: kutu, kilio kirefu,
kisha kishindo kidogo cha mbao.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
"Rudisha."
Makondakta wanapiga kelele za Tunduru, za Nachingwea,
Skola amegeukia ukutani, mabega yake nayajua.
Mara ya nne Ausi akacheka.
Mara ya saba akainua mkono, tusikilize, na sisi hatusikii kitu,
akasema: hapo, hapo, huyo Bituni,
anarudi na maji.